Mpira Alioutoa Kristian

Kocha Kristian alicheza tenisi ya kulipwa kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo anaisimulia kwa mpira mmoja. Mgeni yeyote anayefika kwake hapa Lushoto, kabla hata chai haijapoa, atasimuliwa tu. Ilikuwa fainali huko kwao Ujerumani, seti ya mwisho, mwamuzi kampa yeye pointi. Kristian akaenda hadi kwenye wavu akasema hapana, mpira wa mwenzangu ulikuwa ndani. Akapoteza mechi. Magazeti yakamsifu mpaka basi. Baada ya hapo hakushinda kitu cha maana. Alistaafu bega likiwa bovu, akamfuata mkewe Esteria, muuguzi wa huku kwetu, akajenga uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba.

Kwenye uwanja huo ndipo aliponifundisha, na habari ya mpira ule nimeisikia hadi naiota. "Pointi ya mashaka, Modesta, mpe mwenzako." Nami nilimwamini, mjinga mimi.

Jumamosi iliyopita tulicheza fainali ya mkoa hapo hapo kwake. Mshindi anakwenda Dar es Salaam kwenye uteuzi wa timu ya taifa. Anayeshindwa anarudi kwao. Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Hidaya, mtu wa Tanga mjini, aliyenifundisha darasa la sita. Mwamuzi hatukuwa naye. Mashindano yetu madogo ndivyo yalivyo, kila mchezaji anaamua mipira inayotua upande wake.

Sasa niambie, mwanafunzi gani wa huku milimani atamwambia mwalimu wake kwamba anadanganya? Kabla ya kuanza nilimsogelea kwenye wavu, nikainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Modesta. Hujambo?"

Nusu ya mechi ilikuwa imeshanitoka, ila sikujua.

Seti ya kwanza ikawa yangu, ya pili yake. Kwenye ya tatu akaanza. Nilipiga mpira ukatua juu ya mstari, udongo ukabaki na alama wazi kabisa. Mwalimu akainua kidole. "Nje." Nikamtazama mama kwenye benchi, akainamisha macho. Nikamtazama Kristian, akaniashiria kwa kichwa, nimpe. Nikampa. Mwingine tena, nje. Nikampa. Kila nilipompa, Kristian alipiga makofi, eti mwanafunzi wake anaujua uungwana. Damu ilinichemka mpaka masikioni.

Hata hivyo nilikuwa mbele, imebaki pointi moja nishinde. Nikaupiga mpira kwenye kona, ukatua hatua nzima ndani ya mstari. Mwalimu aliutazama vizuri. Kisha akasema "Nje", akaifuta alama kwa soli ya kiatu. Mbele ya watu wote!

"Mpe, Modesta," Kristian akasema kutoka kwenye uzio. "Mpe tu."

"Simpi," nikasema.

Mwalimu Hidaya akaweka mkono kiunoni. "Unaniita mimi mwongo?"

Hasira ilikuwa imenijaa, lakini adabu niliyolelewa nayo haikuniacha hata pale. "Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Ndiyo. Umesema uongo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, ndipo uso ukamwiva.

Kuna waliocheka. Edgar, msimamizi wa mashindano, hakucheka. Alikuja akaniambia nimpigie mwalimu magoti nimwombe radhi, la sivyo mechi anapewa yeye. Mama akanishika kiwiko, akanisihi kwa Kishambaa nikubali yaishe. Ile alama kila mtu aliiona. Edgar mwenyewe aliiona! Lakini hakuna aliyeuliza habari ya mpira. Wote walikuwa na habari ya mdomo wangu. Sikupiga magoti. Nilichukua raketi yangu nikatoka.

Kristian alinifuata hadi getini, uso umemjaa huruma. Huruma hiyo iliniudhi kuliko uongo wa mwalimu.

"Ungempa," akasema. "Mimi nilitoa mpira, nikapoteza fainali, lakini usiku ule nililala usingizi mtamu kuliko siku zote."

"Wewe ulitoa, kocha. Mimi nimenyang'anywa."

"Ni yale yale."

"Si yale yale. Wiki iliyofuata ulikuwa wapi?"

Akafikiri kidogo. Alipokumbuka akatabasamu. "Vienna. Kulikuwa na mashindano mengine."

"Mimi wiki ijayo nipo Mponde," nikamwambia. "Nachuma chai."

Geti nikalifunga mwenyewe.