Mikia Yenye Dole Gumba

Kila asubuhi Buthaina aliponda kiini cha yai kilichokaushwa, akakipakaza kwenye ncha ya kidole na kukichovya majini. Ndivyo baba yake, Haji Dusuki, alivyowalisha gapi, samaki wake wadogo wa tangini, kwa miaka ishirini, ukumbini kwao, ghorofa ya nne, mtaa wa Shubra: kwa dole gumba la kulia, lenye kovu la kioo lililopita katikati.

Mzee alikuwa na miezi minne kaburini. Samaki dume wake wa mwisho alikufa wiki ileile ya msiba. Lakini jike wa gapi huhifadhi mbegu tumboni, na yule jike mzee aliendelea kuzaa kila mwezi, kana kwamba mume yuko kazini.

Uzazi wa nne, vitoto walitoka na alama ya dole gumba mkiani, kovu katikati. Buthaina aliwatenga chupani wasiliwe na mama yao. Kisha akatoa nakala ya hati. Hati ilisema kwamba mzee, mkono ukimtetemeka hospitalini, alimwuzia Rifaat, kaka yake Buthaina, nyumba nzima, akaweka dole gumba badala ya saini. Dole la kwenye hati halikuwa na kovu.

Karani wa ofisi ya hati aliinua chupa dirishani, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Akalinganisha na dole la mzee kwenye daftari la zamani, akakubali kwamba ni la marehemu. Akauliza samaki wamezaliwa lini.

“Baada ya msiba.”

“Sasa dada yangu, watashuhudiaje jambo la kabla hawajazaliwa?”

Akamrudishia chupa, akamshauri asikaze kifuniko.

Vitoto walipokua kiasi cha kutoweza kuliwa tena, Buthaina aliwarudisha tangini. Jioni hiyo Rifaat alikuja na keki ya basbusa na kitambaa cha gauni. Kwa watu wao, dada akipokea zawadi ya namna hiyo amekwisha kuridhika, hadai tena urithi. Buthaina hakuigusa. Alikuwa akitazama mkono wa kulia wa kaka yake, ambao tangu aingie haukutoka mfukoni.

“Mbona unaniangalia hivyo? Mimi mwizi?”

“Sijasema kitu, kaka.”

“Hao samaki umewachora.”

“Msugue mmoja, tuone kama rangi itatoka.”

Rifaat akautoa mkono mfukoni, akauzamisha tangini. Rangi haikutoka. Jike mzee alimsogelea, akamdonoadonoa dole gumba, taratibu, kama alivyozoea.

“Dole ni la baba,” Rifaat alisema, akijifuta kwa kitambaa alichokileta. “Ila samaki hawaandikwi kwenye hati. Idi ikipita, utahama.”

Idi ikapita. Buthaina alihamia chumba cha juu ya paa, kwa shangazi yake, na tangi lake. Mwezi uliofuata jike alizaa vitoto wenye alama ya dole gumba lisilo na kovu. Buthaina akaibandika nakala ya hati kwenye kioo cha tangi. Mstari kwa mstari, dole la mikiani lilikuwa lilelile la kwenye hati.

Walipokua, aliwapeleka soko la Ijumaa. Mke wa Rifaat, Shahinaz, alipita, akainama juu ya chupa mbili, moja ya samaki wenye kovu, nyingine ya wasio nalo.

“Nipe hawa wasio na dosari. Ukumbi unaonekana mtupu tangu ulipoondoa lile tangi.”

Buthaina akawavua wawili, akafunga mfuko.

“Jike ana mimba,” alisema. “Atakuwa anazaa hivyohivyo kila mwezi.”

Shahinaz alifurahi, akauliza wanakula nini.

“Kiini cha yai. Mwambie Rifaat awalishe mwenyewe, kwa dole gumba lake. Wanamjua.”