Landrova Ndefu Kupita Adabu

Landrova ya Mrisho ilinunuliwa mara mbili. Mara ya kwanza waliinunua wakulima wa kahawa wa Suma, kwa makato ya kila kilo ambayo hakuna aliyewauliza kama wanayataka. Waliambiwa gari ni lao. Kisha wakakaa pembeni ya barabara miaka nenda rudi wakiliona gari lao likipita, limembeba katibu wa chama cha ushirika, mke wa katibu, magodoro ya mke wa katibu, na mbuzi wa mkutano mkuu. Mara ya pili ilikuwa baada ya chama kufa kifo cha mlevi, ruksa ya kila mtu kufanya biashara ikaingia nchini, na kila kilichokuwa cha wote kikageuka kuwa cha aliyewahi. Mnada ulifanyika Tukuyu, mvua ikinyesha, na Mrisho, fundi cherehani mtoto wa fundi cherehani, akaondoka na gari kwa bei ambayo hata yeye aliionea aibu.

Wakulima hawakupata hata nati moja. Walichobaki nacho ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilikuwa na mkongojo na jina: Mzee Anyosisye.

Mzee Anyosisye alipanda bure. Kila siku ya soko alifungua mlango wa mbele, akaketi, akaweka mkongojo katikati ya magoti na kusema, "Twende. Gali langu limelala sana." Mwanzoni Mrisho alibisha. Akagundua kwamba huwezi kubishana na mtu anayekumbuka kila gunia aliloibiwa kwenye mizani tangu bendera ibadilishwe, na jina la aliyeshika mizani, na shati alilovaa. Akamwacha. Kiti cha mbele kikawa cha mzee.

Waliomlisha Mrisho walikuwa wa nyuma: wanawake wa Suma na mikungu yao ya ndizi. Kuwa nao kulimaanisha kuwa na kazi msimu mzima. Kuwakosa kulimaanisha kurudi kwenye cherehani ya marehemu baba yake, barazani, kushona viraka vya suruali za watu wanaokuuliza habari za gari.

Na mwaka huo alianza kuwakosa. Mvua za Rungwe hazina haya, zinanyesha mpaka udongo unakuwa uji, na mlima wa kupandia Suma, ukishavuka daraja, uliigeuza Landrova kuwa mwendawazimu. Matairi yake yalikuwa yameisha meno, laini kama kisigino cha mtoto. Gari lilipanda nusu, likatafakari, likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Wakati huohuo Faraji, kijana aliyekuwa akiuza kaseti juzijuzi tu, alileta pikapu kutoka Japani, fupi, nyeupe, yenye redio. Mlima Faraji hakuupanda. Alisimama darajani, akafungulia muziki, akawasubiri wanawake wateremke na mikungu kichwani. Na walianza kuteremka.

"Dawa yako ni viatu," alisema Muddy, fundi wa magari pale Tukuyu. Alikuwa amelala chini ya Landrova, miguu tu inaonekana. "Gari lenyewe ni zima, mjomba. Miguu ndiyo kilema."

"Viatu gani?"

"Kuna jamaa kashusha mzigo kutoka Tunduma. Rimu pana za Afrika Kusini, zinang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Matundu matano, zinakaa kwenye stadi zako, hizi bolti za gurudumu, bila kubembelezwa. Na matairi yake! Meno kama ya trekta. Ukizivalisha hizo, Faraji atakuamkia shikamoo."

Mrisho alikwenda kuziona. Kuziona ndiko kulikommaliza. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya foleni ya sabuni, akasimamishwa mbele ya rimu zinazomwonyesha sura yake mwenyewe mara nne, hana akili tena. Na wauzaji wa ruksa walilijua hilo kuliko walivyoijua dini yao. Alitoa akiba yote. Matairi ya zamani akamwachia mshona viatu vya katambuga wa sokoni, naye hakungoja kesho, aliyakatakata papo hapo.

Kufunga kwenyewe kulikuwa vita. Rimu ziliingia kwenye stadi kama alivyoahidi Muddy, lakini gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, matairi yakang'ata madigadi. Muddy akachukua msumeno wa chuma akayakata madigadi. Usukani ukizungushwa, tairi likasugua springi. Akaongeza majani ya springi yaliyotolewa kwenye lori lililokufa, na vipande vya chuma chini yake, gari likanyanyuka. Bado likasugua kidogo. Akaongeza tena. Mwisho akafunga vioo viwili vya pembeni, vikubwa, vya lori, maana rimu zilichomoza nje ya bodi na dereva alitakiwa aone anakanyaga nini.

Walipomaliza, Landrova ilisimama uani kwa Mrisho kama meza inayomfikia mtu kifuani. Gia ya kwanza ilivuta kinyonge kama ya pili. Mshale wa mwendo ulidanganya. Kukata kona ilibidi uanze kuifikiria ukiwa bado nyumbani.

Rukia, mke wa Mrisho, alitoka jikoni akaizunguka.

"Baba Yusra, umenunua matairi au umenunua dari?"

"Panda uone, mama. Panda!"

Rukia akashika mlango, akainua mguu, haukufika. Akakusanya baibui mpaka magotini, akainua tena, akaning'inia kama kanga kwenye kamba, mpaka Muddy akageukia ukuta akijifanya anatafuta spana. Mrisho alicheka machozi yakamtoka. Alicheka tu. Hakufikiri. Amezaliwa Tukuyu, amekulia Tukuyu, anakijua Kinyakyusa cha sokoni na cha msibani, na hakufikiri.

Siku ya soko aliondoka asubuhi, rimu amezipangusa kwa mafuta ya taa. Darajani alimpita Faraji ameegemea pikapu yake.

"Mjomba!" Faraji akapaza sauti. "Huko juu kuna hewa?"

"Hewa ipo. Wewe endelea kuuza kaseti!"

Ng'ambo ya daraja Mzee Anyosisye alikuwa anangoja. Alikuwa na desturi ya kupandia hapo chini, aende mpaka juu na kurudi, ili mtu mwingine asije akakikalia kiti. Aliiangalia Landrova kuanzia chini mpaka juu.

"Nani kalilisha gali langu?"

Mrisho alimsukuma kwa nyuma, kwa bega, bila heshima maana hapakuwa na namna ya kufanya kwa heshima. Mzee alipofika juu alitulia, akaona juu ya nyua zote. "Lo! Kumbe yule mjinga bado hajapalilia." Akafurahi kama mtoto.

Kisha wakaupanda mlima. Mrisho aliingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, na gia nzito, na matairi yakauma. Tope lililomdhalilisha miezi miwili lilirushwa kando kama watu wanaompisha mkuu wa wilaya. Pale alipozoea kurudi kinyumenyume alipiga honi. Aliposimama kituoni, wanawake wakiwa wamejipanga na mikungu yao, moyo ulikuwa umejaa.

"Haya akina mama! Pandeni!"

Hakuna aliyesogea.

Wanawake walilitazama bodi la nyuma. Zamani lilikuwa usawa wa kiuno. Mtu aliketi ukingoni, akageuza miguu, akawa ndani. Sasa lilikuwa usawa wa kidevu. Kulipanda kulitaka goti lifike kifuani na kitenge kifike Mungu anajua wapi. Hilo peke yake lingetatulika kwa kicheko. Lakini kwenye kioo kikubwa cha kushoto, kipya, safi, kilichofungwa ili dereva aone tairi, yalikuwa yanaonekana macho, ndevu nyeupe na kofia ya Mzee Anyosisye.

Mzee alikuwa na wana wengi, na ndugu zake walikuwa na wana wengi, na nusu ya wanawake wale waliolewa na wana hao. Wote walikuwa wakwe zake. Na mkwe, kwa desturi ya Wanyakyusa, hamkaribii baba wa mume. Akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Hatamki jina lake, hasemi naye, anajitanda nguo na kugeuza uso. Garini, mgongo wa mzee na vitenge vyao vilikuwa vimetosha mpaka siku hiyo. Vijana wa mjini waliyacheka hayo, lakini Suma haikuwa mjini, na hakukuwa na mwanamke wa Suma ambaye angemwonyesha baba mkwe paja lake kwa ajili ya mkungu wa ndizi.

Mrisho alielewa taratibu, kama mtu anayehisi maji yameingia kiatuni. Akakigeuza kioo kikatazama kahawa.

"Kioo umegeuza," akasema mwanamke mmoja. "Na shingo yake?"

Kutoka darajani ulipanda muziki wa Faraji. Wawili wakajitwisha mikungu, wakaanza kuteremka.

"Mzee," Mrisho alisema kwa sauti ya chini, "shuka kidogo tu. Wapande, halafu nikupandishe."

"Nikishuka nitakuwa katikati yao, watakimbilia kwenye kahawa wote. Nikikaa, hawapandi. Hilo ni shauri la aliyenunua matairi."

"Mzee, nitapoteza watu!"

"Mimi nilipoteza gali zima."

Hapo ndipo alipotoka Sekela, mke wa mtoto wa kwanza wa mzee, mwanamke mwenye mikono mipana ambaye sokoni hata watoza ushuru walimpitia mbali. Alijitanda kitenge kichwani, akaupa mgongo mlango wa mbele, akachuchumaa karibu na tairi la nyuma. Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mkwewe, alisema na rimu.

"Rimu, unang'aa. Muulize aliyekaa huko kama amesahau tuna soko leo."

Mzee Anyosisye aliinamia gia. "Wewe gia, mjibu huyo rimu kwamba mtu hatolewi kwenye gali lake."

"Rimu, muulize gia, hilo gari lake lilinunuliwa kwa kitu gani?"

"Gia, sema. Kwa kahawa."

"Aliichuma nani?"

Injini peke yake ilikohoa.

"Naona gia ina kigugumizi," Sekela aliiambia rimu. "Basi nikusaidie wewe mgeni kutoka Afrika Kusini, hujui ya hapa. Kupalilia, sisi. Kuchuma, sisi. Kumenya, kuanika, kuchambua, kubeba mpaka kwenye mizani, sisi. Pale mizani palipoanza, ndipo palipoanza wanaume. Walishika risiti. Walikwenda mkutanoni. Walilala mkutanoni! Katibu anapandisha makato, wao wanakoroma, na jioni wanarudi kutuambia tumenunua gari."

Wanawake walicheka ndani ya vitenge. Waliokuwa wanateremka walisimama.

"Kwa hiyo, rimu, kama gari ni la waliolitolea jasho, sisi ndio wa kusema nani akae na akaeje. Miaka yote hii anayejifunika ni mimi. Kwenye mvua, kwenye jua, na kuni kichwani, najifunika. Leo ajifunike yeye."

Kicheko kilikatika. Jambo hilo halikuwahi kusemwa Suma. Mrisho aliangalia chini, akajikuta anajiona kwenye rimu, mdomo wazi.

Mzee aliangalia daraja, pikapu nyeupe, mikungu iliyosimama njiani bila kujua iende wapi. Hatimaye akainamia gia, sauti imepungua.

"Gia. Gali hili likiwakosa hawa, linakwenda wapi?"

Mrisho akajibu kwa niaba ya gia. "Linauzwa, mzee. Sio zima. Vipande vipande. Rimu kwa huyu, injini kwa yule."

"Na kiti?"

"Kiti ni chuma chakavu."

Mzee Anyosisye alivua kofia. Alivua koti lake zito, akalitazama kidogo kana kwamba linamdai maelezo, kisha akalivuta kichwani likamfunika mpaka kifuani.

"Wapande," sauti ilitoka ndani ya koti. "Upesi. Humu kuna joto."

Walipanda kwa vurugu na vicheko, mmoja akimsukuma mwingine, Mrisho akiwa ameitazama migomba kwa bidii ya mtu anayeihesabu. Sekela alipanda wa mwisho, akaipokea mikungu ya wale waliorudi kutoka chini. Darajani Faraji alizima redio ili asikie vizuri wanachomwitia. Alisikia vizuri. Hayaandikiki.

Waliingia Tukuyu hivyo: gari refu kuliko yote mjini, rimu zinawaka, wanawake wamejaa nyuma wanaimba, na kwenye kiti cha mbele mtu amefunikwa gubigubi. Mji ukapiga hesabu yake wenyewe. Kigelegele kimoja kilianza kwenye duka la vitenge, kikadakwa na mama wa chapati, na mara barabara nzima ikawa inakimbia pembeni.

"Bibi harusi! Bibi harusi!"

Muddy aliacha jeki yake akaja mbio, akagonga mlango wa kushoto. "Bibi harusi, karibu Tukuyu! Umetokea wapi?"

Koti likatikisika.

"Suma," lilisema, kwa sauti nzito iliyomfanya Muddy aruke nyuma. "Na mahari yangu mmeshakula. Kaulize kwenye mizani."

Mrisho alitaka kucheka, akaona si salama. Nyuma, Sekela aligonga bodi kwa kiganja.

"Dereva! Nenda moja kwa moja sokoni, rudisha nyuma mpaka kwenye ngazi, tushukie hapo. Na huyo asijifunue mpaka niseme."

Mrisho akaanza kuitafuta kona. Koti halikufunuliwa.