Kura ya Bi Steinvör

Mei ya mwaka 1944, bonde zima lilikuwa limebakiwa na kura moja tu, na Ketill, mwenyekiti wa kata, alipanda farasi kuifuata. Iceland ilikuwa ikipiga kura kuvunja muungano wake na Denmark, na kata zilishindana: nani atatimiza watu wote, bila kukosa hata mgonjwa. Jirani zao wa ng'ambo ya mto walikwisha timiza, na kwa kuringa hawakuwa na mfano.

Ndani ya koti Ketill alikuwa na karatasi ya kura, na pia ujumbe wa Msalaba Mwekundu kutoka Copenhagen, maneno ishirini na tano, bila bahasha. Barua zote za bonde hupitia nyumbani kwake, kwa hiyo alikwisha usoma. Ormur, mwana pekee wa Bi Steinvör, alikufa kwa kifua kikuu mwezi Februari.

Kila asubuhi alijiambia atampelekea. Kisha akaona heri kura itangulie. Mtu akitaka sababu, hakosi.

Bi Steinvör alikuwa kitandani na nyonga yake iliyovunjika, akimalizia kufuma sweta.

"Umekuja kunitoa roho? Nilishasema sipigi."

"Umebaki peke yako, mama. Hata mzee Bersi kapiga, na yule hajui kama yuko duniani."

"Mdenmark kavamiwa na Mjerumani, nanyi mnampelekea talaka! Mgonjwa haachwi kitandani."

"Miaka zaidi ya mia tano wametutawala. Walituuzia unga wenye funza!"

"Na bibi yangu aliula. Lakini mwanangu yuko kwao, Ketill. Tukiachana nao, atakuwa mgeni kule. Nani atamtafuta?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake, Mungu amsamehe, alisema hivi:

"Tukijitawala, tutapeleka meli yetu wenyewe kuwarudisha watoto wetu."

"Na Ormur?"

"Na Ormur."

Bi Steinvör aliomba kalamu. Alitia alama ya ndiyo, akaikunja karatasi, na Ketill akaifunga kwa lakiri. Kata ilikuwa imetimia. Ketill hakuona raha yoyote.

"Sasa vua koti," mama akasema, uso umemchangamka. "Jaribu sweta hili. Wewe na Ormur mlikuwa na umbo moja."

Ketill alilivaa. Lilimkaa barabara. Mama alipomnyoosha mabega na kutabasamu, uvumilivu ulimwisha Ketill, akalia kama mtoto. Akautoa ule ujumbe kwenye koti.

Mama aliusoma mara mbili.

"Huu umefika lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu. Nirudishie kura yangu."

"Imeshafungwa, mama. Sheria hairuhusu."

Bi Steinvör hakupiga kelele. Alikuwa amemkazia macho, na Ketill alitamani matusi kuliko macho yale.

"Mjinga wewe," alisema taratibu. "Ungeniletea Alhamisi, ningelia siku tatu, halafu ningewapigia hiyo kura yenu ya ndiyo bila kuombwa. Nilikuwa nang'ang'ania Denmark kwa ajili ya nani?"

Akageukia ukutani.

"Vua sweta la mwanangu, uende."