Sehemu Elfu Kumi na Mbili za Kuku

Orodha ilikuwa na wanyama thelathini na mmoja, kuanzia pweza hadi popo, na kila mnyama ameandikiwa idadi ya sehemu ambazo seli zake huzirekebisha kwenye RNA. Thelathini walikusanywa na watu wengine. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa wa Mtafiti tangu tone la kwanza la damu, na kuku huyo akampa sehemu elfu kumi na mbili. Mtafiti alipiga vigelegele maabarani mchana kweupe.

Mkuu wa maabara hakushangilia. "Kuku gani huyu mwenye makuu hivi?" aliuliza. "DNA ni maandishi yenyewe, RNA ni nakala. Ukilinganisha nakala ya kuku huyu na maandishi ya mwingine, kila tofauti ya kuzaliwa utaiita marekebisho. Nithibitishie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kuku anatoka, na jina lako linatoka naye."

Damu zote mbili, ya kusomea DNA na ya kusomea RNA, zilitoka kwa Bibi Harusi, kuku mweupe wa shangazi yake Mtafiti, kwa siku mbili tofauti. Mtafiti akaenda huko mbio.

"Shikamoo, shangazi. Ile mara ya pili ulinishikia Bibi Harusi kweli?"

"Marahaba. Kaa kwanza, unywe maji."

Ukiambiwa na shangazi huyu unywe maji kwanza, jua kuna jambo.

"Ulipomdunga mara ya kwanza alisusa kutaga siku nne," alisema hatimaye, macho chini. "Uliporudi na sindano yako nikamfungia bafuni, nikakupa dada yake. Wote weupe. Nilijua hutatambua."

Mtafiti alipandwa na hasira, halafu kicheko kikamshinda. Miezi saba anasoma herufi za kuku, na kuku mwenyewe hamjui kwa sura!

"Njia ya mwongo fupi, shangazi."

"Fupi sana, mwanangu. Imeishia kwenye kompyuta yako."

Safari hii shangazi alimshika Bibi Harusi mwenyewe, huku akimwomba radhi, na damu ikapatikana.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi hesabu mpya ikatoka: sehemu thelathini na sita. Mkuu alizikagua moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Hizi naziamini. Kuku anabaki."

Mtafiti akapiga simu.

"Thelathini na sita tu?" shangazi alishtuka. "Jamani, nimekuharibia!"

"Hukuniharibia, shangazi. Hizi ni za kweli, na ni zangu."

Shangazi akalia kwa furaha, kisha akakata simu akawatangazie majirani habari ambazo hakuna hata mmoja wao angezielewa, yeye mwenyewe akiwemo.