Kituo Asichoweza Kukitaja Mkwe

Mvua ilikata barabara, basi la Dar likagoma, ndiyo maana Natalia akatetea tasnifu yake ya udaktari sebuleni kwa wakwe zake, Nangwa, kompyuta juu ya kigoda. Baba mkwe, Mzee Gidabuday, alivaa koti. Mama mkwe alijipaka mafuta. Mke wa mwana wao anahojiwa na profesa, nani abaki jikoni?

Utafiti wake ulikuwa wa ramani za usafiri: nani hupandia wapi gari la mnadani Katesh. Natalia aligundua jambo zito. Wanaume wa pale hupandia kituo kimoja, wanawake kingine, ng'ambo ya korongo. Kwa nini wanawake watembee zaidi? Udaktari wote ulisimama juu ya swali hilo.

"Vizuri," alisema Profesa Judith kwenye kioo. "Hicho kituo cha wanaume kinaitwaje?"

Kwa Wadatoga, kabila la wakwe zake, mke hatamki jina la baba mkwe, hata ang'atwe na nyuki. Na kituo kinaitwa Kwa Gidabuday.

"Ni pale… kwa yule mzee."

"Mzee gani?"

"Aliyemzaa… mtu mmoja hivi."

"Natalia, hiki ni kitendawili?"

"Tega!" mama mkwe akadakia toka nyuma, kwa mazoea tu.

Profesa hakucheka. "Ramani hii umechora mwenyewe kweli?"

"Nimechora, Profesa."

"Na hilo jina hapo, nani kaandika?"

"Mimi. Vidole havikukatazwa."

"Ameshindwa huyo," akasema mama mkwe, akamwinamia Profesa kiooni. "Mama, toa mji upewe jibu!"

Hapo Profesa akacheka bila kutaka. "Haya, chukueni Morogoro."

"Morogoro kuna mbu. Ongeza."

"Na Iringa."

Mzee akainuka, akasogea mpaka kioo kikajaa pua. "Gidabuday ni mimi. Huyu ni mke wa mwanangu, ana adabu. Usimtese."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sasa nimeelewa. Na hicho cha wanawake, hapa pameandikwa Mkia Mweupe, kiko wapi hasa?"

"Mkia Mweupe? Huyo ni dume langu la ng'ombe! Ni hapo hapo kwangu. Wake za ukoo waseme nini, na wote wananiita baba mkwe?"

Natalia aliikodolea macho ramani yake. Kumbe kituo ni kimoja! Yeye, aliyekuwa akimung'unya jina hilo sasa hivi, hakuwaza hata siku moja kwamba wenzake nao wanamung'unya. Walipomwambia Mkia Mweupe, akatafuta mahali pa kukiweka kituo hicho, akakiweka ng'ambo. Lile korongo kinamama hawakulivuka. Aliwavusha yeye, kwa kompyuta.

"Nimefeli," akasema.

"Sura ya nne imefeli," Profesa akasema. "Iandike upya. Wanawake wanasafiri kwa ramani wasiyoweza kuisoma kwa sauti! Hilo ndilo la kunieleza. Ukilieleza vizuri, udaktari ni wako. Na kituo kiwe na majina yote mawili."

"Hapana," Mzee akakataa. "Langu lifute. Acha la dume."

"Mzee, hutaki kuwa kwenye ramani?"

"Nikiwemo mimi, nyumbani kwangu ataisoma nani? Dume halina wakwe."

Natalia akalifuta.

"Haya, soma," akasema Profesa.

Akasoma, kwa sauti iliyowakurupusha kuku nje: "Kituo cha Mkia Mweupe!"