Sawasawa na Wali

Stanislaus aliweka nadhiri hadharani, na hapo ndipo alipokosea. Mkewe, Brigitha, alikuwa hoi wodini, madaktari wanaongea kwa sauti za chini. Stanislaus akapiga magoti uani pa hospitali, mbele yetu sisi majirani tuliopeleka uji, akamwambia Mungu kwamba Brigitha akipona, yeye wali hataugusa mpaka anaingia kaburini. Brigitha akapona. Hatujakaa sawa, tukasikia mgonjwa wetu yuko shambani Mchombe anafukuza ndege.

Sasa fikiria. Hapa Ifakara ukiulizwa kama umekula, ukajibu umekula ugali, mtu anakwambia basi karibu ule. Stanislaus akakonda, suruali ikawa inashikiliwa na kamba na sala. Balbina, mkaanga vitumbua wa kona yetu, akamwonea huruma. Akamkumbusha kuwa shambani kuna mpunga, kwenye gunia kuna mchele, na wali unakaa kwenye sahani. Kitumbua ni mchele uliolowekwa ukasagwa, haujawahi kuwa wali hata dakika moja, na Mungu Kiswahili anakijua. Stanislaus akamaliza sinia.

Jioni Brigitha akakohoa.

Ulikuwa moshi wa kuni tu, lakini mtaa mzima ulisikia, na mtaa mzima ulikuwa umeshajua habari za vitumbua. Kuanzia hapo Stanislaus hakulala. Aliamini kila anachomeza Mungu anakipima, na kikizidi atamchukua Brigitha wake. Lakini njaa nayo ina mawakili. Nassib wa nyumba ya pili akaleta pilau ya harusi ya dada yake, akatetea kuwa pilau ina jina lake, hakuna aliyewahi kuagiza wali wa pilau. Stanislaus akaonja, Brigitha akapiga chafya, tukamtazama Stanislaus kama vile amemsukuma mkewe mtoni. Ikafika mahali Brigitha hawezi kupaliwa na maji bila sisi kwenda kuchungulia sahani ya mumewe.

"Kifua changu mmekigeuza mahakama," akatuambia, akamwita Padre Fridolin nyumbani. Sisi hatukualikwa. Tulifika tu, mpaka wengine wakakalia magunia.

Padre akaeleza kuwa nadhiri inaweza kubadilishwa, ila kwa kitu chenye uzito uleule. Stanislaus akajitolea kuacha pombe. Brigitha akamkumbusha kuwa hanywi. Akajitolea kuacha nyama ya nguruwe, kitimoto. Padre akamuuliza mara ya mwisho kuinunua ni lini, ikawa Krismasi, tena ya kuchangiwa.

"Nataka kitu unachokipenda sawasawa na wali," Padre akasema. "Kimoja tu."

Stanislaus akatazama bati, akatazama mlango, halafu akamtazama Brigitha, akaganda hapohapo. Brigitha, aliyekuwa anapepeta mchele kwenye ungo, akaacha. Balbina akanifinya paja.

"Kipo, Padre. Lakini huyo ndiye niliyemwombea."

Padre akasema basi hakuna la kubadilisha, nadhiri inabaki ilivyo. Akaomba maji ya kunywa.

Brigitha alikuwa bado ameshika ungo. "Yaani mimi na wali tuko sawa."

"Sawasawa, mama Luciana."

"Wali gani? Huu wa hotelini, wa kuchemsha na mafuta ya jana?"

Stanislaus akaonekana kuumia kweli. "Mbawambili," akasema. "Wa mavuno mapya. Wa nazi."

Mbawambili ni ule mchele wetu wa kunukia; ukipikwa huku ndani, anayepita barabarani anapunguza mwendo. Brigitha akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakawa yanatikisika, hatukujua analia au anacheka, na hakutaka tujue. Alipojifunua alitutangazia kuwa wali ulioko jikoni ni wetu, kila mtu ajitafutie sahani. Mumewe, yeye Brigitha atamsongea ugali kwa mkono wake mwenyewe, leo na siku zote, na asisikie wakili yeyote amekanyaga hapa na sinia wala hotpoti.

Stanislaus akauliza mboga ni nini. Akaambiwa asubiri.