Mpangaji wa Mbuba

Agripina aligonga ukuta kwa konzi, akasikiliza. Kisha akauliza kama maji yanatoka, choo wanachangia watu wangapi, na bati linavuja upande gani. Mzee Celestini, fundi cherehani mstaafu na mwenye nyumba pale Ngara mjini, alimjibu kwamba maji hutoka yakipenda, choo ni cha wapangaji wote, na bati halivuji ila mvua ikija na upepo wa kutoka Burundi. Agripina alikipenda chumba. Kilikuwa kidogo, juu kilimani, na hakuna aliyemuuliza yeye ni mke wa nani.

Alikuwa na godoro na sanduku. Sanduku ni lile lile alilokwenda nalo kijijini Mbuba siku ya ndoa yake, na ndilo shemeji yake Telesfori alilomkabidhi mlangoni siku waliyomaliza matanga ya mumewe. "Shemeji," alimwambia kwa upole, maana Telesfori si mtu wa kelele, "ulikuja na sanduku. Shamba ni la ukoo." Shamba lenyewe Agripina na marehemu Desderius walilifyeka wao wawili likiwa pori tupu, wakapanda migomba mpaka jua likakosa pa kupenya. Lakini Mungu aliwapa binti peke yake, Joyceline, naye ameolewa Geita, na binti kwenye ukoo ule hahesabiwi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema atalishika jembe hilo miaka mingapi ndipo aache kuitwa mgeni.

Kaburi la Desderius lilifika Ngara siku ya Alhamisi, wakati Agripina yuko stendi anauza maandazi. Aliporudi alilikuta kati ya godoro na dirisha: tuta la udongo mwekundu, kingo za saruji, na msalaba ulioinama kushoto tangu mbuzi wa Telesfori walipojikuna nao. Rozari ilikuwa bado inaning'inia. Desderius alikuwa mtu wa kufuata. Hata alipokuwa hai, mkewe akienda kisimani, yeye alikuwa nyuma anajifanya anatafuta mbuzi. Agripina alisogeza godoro ukutani, akapata pa kupita.

Mzee Celestini alipoitwa kutazama, alilizunguka kaburi mara moja, akalipima kwa macho kama anavyopima suruali.

"Mama, nilikupangisha wewe peke yako," alisema. "Huyu ni mtu wa pili. Nikimkubali, wapangaji wengine nao wataleta wa kwao."

Maneno yake yalikuwa na haki, na Agripina hakubishana naye.

Akaanza kuchagua mji upya. Rulenge walikuwepo dada zake Desderius. Benako malori hayalali, na marehemu hakupenda kelele. Biharamulo mjini alionyeshwa vyumba viwili vizuri, lakini wenye nyumba wote wawili walitaka kwanza kumwona mume wake, naye aliona aibu kuwaambia kwamba atakuja. Mwisho alichagua Nyabusozi, kwa sababu njiani kuna msitu mrefu, na alidhani kaburi halivuki msitu. Ukweli usemwe: alitaka kulikimbia. Mumewe alimpenda, ila yeye alikuwa amechoka kufukuzwa.

Mwenye nyumba wa Nyabusozi alikuwa Kwandu, mjane wa Kisukuma ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kaburi lilichelewa kidogo. Lilifika limelowa, majani ya msituni yamenasa msalabani. Kwandu alichungulia, akaenda kwake, akarudi na kikombe cha maziwa, akakiweka upande wa kichwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi alipopita na ndoo alisema, "Mwangaluka." Kaburi halikujibu, kwani Desderius hakujua Kisukuma.

Agripina akaanza kulala usingizi wa kweli. Jioni alikaa kwenye ukingo wa saruji akichambua maharage, akimweleza mumewe bei ya unga na habari za Joyceline. Alifikiri, pengine huu ndio mji wangu. Alikuwa na furaha, nayo inafaa kusemwa, maana haikudumu.

Telesfori alikuja kwa bodaboda, akiuliza nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umelifuata?"

"Nimelifuata." Alikaa kwenye kigoda, akapangusa vumbi la uso. "Niyonzima amesogeza mpaka. Amefika mlangoni mwa jiko."

Niyonzima alikuwa jirani yao kule Mbuba. Walipopelekana mbele ya wazee, jirani huyo aliuliza swali moja tu: kama shamba ni la ukoo wa Telesfori, kaburi la ukoo liko wapi? Wazee wakaenda kutazama, wakakuta shimo limeota magugu. Palipo na kaburi ndipo penye mwenyewe, kila mtu anajua hivyo. Na pale halikuwepo jingine, maana kabla ya Desderius na Agripina waliishi pale nguruwe pori.

"Basi lichukueni," Agripina alisema.

Walilichukua. Telesfori alikodi pikapu, vijana wakazoa udongo, wakang'oa msalaba, wakaondoka. Vumbi la pikapu halijatua, kaburi lilikuwa mahali pake kando ya godoro, rozari ikiyumba. Kesho yake Telesfori alirudi. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyechoma mafuta bure.

"Shemeji, haliji bila wewe."

"Basi nirudi nyumbani kwangu."

"Nyumba ni ya ukoo."

"Na kaburi?"

"Kaburi pia." Kisha akamgeukia Kwandu, kwa upole wake ule ule. "Dada, palipo na kaburi letu ni petu. Kwa haki, hiki chumba sasa ni cha ukoo wetu. Mimi sitaki kesi na mtu."

Kwandu aliitua ndoo yake chini. Hata kwao desturi ilikuwa hiyo hiyo.

"Mama Joyceline, nisamehe," alisema. "Hiki chumba nimekijenga kwa jasho langu. Kingine sina."

Alikuwa analia. Agripina alimfuta machozi kwa upindo wa khanga, kisha akainama kulivuta sanduku lake.

Ukoo ulikaa kikao, ukapata ufumbuzi ambao kila mtu aliusifu kwa hekima yake.

Ndiyo maana Jumamosi ile Agripina alikuwa amesimama katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mbuba, na Telesfori amesimama mlangoni mahali wanaposimama wenye nyumba. Aligonga ukuta kwa konzi. Ukuta huo aliukandika yeye, na karibu na dirisha bado palionekana alama ya kiganja chake.

"Maji?"

"Kisimani. Unapajua."

"Choo?"

"Tutachangia."

"Bati linavuja?"

"Halivuji."

"Linavuja," Agripina alisema. "Hapo juu ya mlango. Desderius alikuwa anaziba kwa lami."

"Basi utaziba," alisema Telesfori. "Kodi kila mwisho wa mwezi. Na usipigilie misumari, inabomoa nyumba."

Ukutani ulikuwepo msumari mmoja, uliokuwa wa picha ya harusi yao. Agripina aliutazama. Akasema sawa.

Kaburi lilirudi migombani kabla ya jua kuzama, likaingia shimoni mwake bila kubakiza nafasi. Niyonzima alikuja, akalitazama, akarudisha mpaka, akaomba radhi kama jirani mwema, na wanaume wakaketi kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Telesfori alimpa Agripina ufunguo mmoja, akabaki na wa pili, kama walivyo wenye nyumba wote. Agripina alisikia wakicheka huko nje. Alilisogeza sanduku karibu na mlango, wala hakulifungua.